Nani Aliliumiza Ini la Mama

Nilifika Nachingwea siku ya tano baada ya mama kupasuliwa. Mama mdogo alinisubiri kwenye geti la hospitali, na kabla hata hajanipokea begi akaniambia nisishtuke. Katika ukoo wetu, ukiambiwa usishtuke, ujue jambo limeshaharibika na watu wameshakubaliana namna ya kukuficha.

Nilikuwa natoka Tunduru, ambako nilikuwa nawapikia wachimbaji wa vito. Kabla ya Tunduru nilikuwa Songea nauza mitumba, kabla ya Songea Kilwa, na huko nyuma zaidi sina haja ya kukutaja. Nina miaka arobaini na minne na sijawahi kukaa mahali mpaka mkorosho nilioupanda ukazaa. Nikiwa mbali naota nyumbani kwetu Likunja, naota hata vumbi la ufuta ukikung'utwa na baridi ya asubuhi za mwezi wa sita. Nikifika, siku ya nne naanza kutazama barabara. Ndiyo maana kwetu hakuna anayeniambia jambo lolote la maana. Wanasema mtu wa kupita haonyeshwi chumba cha ndani.

Mama alikuwa amelala ubavu, amejifunika kanga mbili. Nilipomwamkia akafumbua macho, na yale macho yalikuwa ya njano, njano ya kiini cha yai la kienyeji. Viganja vilikuwa vya njano pia. Alikuwa akijikuna mikono bila kuacha, kama mtu aliyepita kwenye upupu.

"Umekuja," akasema. "Umekula?"

Huyo ndiye mama yangu. Akifa atamuuliza malaika kama amekula.

Nilivyosimuliwa siku ile, mambo yalikwenda hivi. Mama alikuwa na ngiri ya kitovu kwa miaka mingi, uvimbe mdogo aliouzoea na kuufunga kwa kanga akienda shamba. Mwezi huu alitoka Likunja akaja Nambambo kumsaidia mama mdogo kuvuna ufuta. Mama mdogo ni mdogo wake wa tumbo moja, wanafanana hata mwendo. Mama akainua mzigo wa ufuta, ngiri ikatoka ikabana, akaanza kutapika. Wakamkimbiza Nachingwea, akapasuliwa siku hiyohiyo, na asubuhi akaamka vizuri akaomba uji. Siku ya tatu ikaja homa. Siku ya nne yakaja macho ya njano.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, mwenye sauti ya chini na tabia ya kuuliza swali moja mara mbili kwa maneno tofauti. Aliponiona alifurahi, nadhani kwa sababu alikuwa amechoka kumhoji mama mdogo.

"Wewe ni binti yake? Njoo tuanze upya."

Tukaanza upya, sisi watatu kando ya kitanda. Ini la mama limeumia, akasema, vipimo vinaonyesha limeumia sana, na kazi yake ni kujua limeumizwa na nini. Akauliza kuhusu pombe.

Mama mdogo akaruka. "Pombe! Mtu wa swala tano! Daktari, hata togwa iliyolala hanywi."

"Miti shamba?"

"Hapana."

"Dawa za dukani, za maumivu, alizokuwa anameza kabla ya kuja hapa?"

"Hapana."

"Dawa ya kupulizia mikorosho? Karanga zenye ukungu? Damu, amewahi kuongezewa? Kuna mtu nyumbani mwenye homa ya ini?"

Hapana, hapana, hapana. Mama mdogo alijibu kama mtu anayefukuza kuku kwenye ufuta ulioanikwa.

"Na kabla ya siku hii, amewahi kupasuliwa, au kulazwa usingizi kwa dawa, mahali popote?"

"Huyu? Hajang'olewa hata jino."

Daktari akanitazama mimi. Nikainua mabega. Ningejua nini? Nilikuwa Tunduru nachambua mchele.

Siku mbili zilizofuata zilinimaliza. Kila aliyefika kumwona mgonjwa alikuja na mashitaka yake. Jirani wa kitanda cha pili alisema ni sindano. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, ambaye kwetu ndiye mwenye neno la mwisho, alipiga simu kutoka Chinongwe akasema damu ya mama ni chafu tangu utotoni. Mzee mmoja wa Nambambo alisema kuna mtu aliutazama sana ufuta wetu ulivyostawi. Daktari naye alileta majibu moja baada ya jingine. Homa ya ini ya virusi, hakuna. Malaria, hakuna. Picha ya tumbo, ile ya kupakwa mafuta ya baridi, haikuonyesha kijiwe kinachoziba nyongo. Dawa za hospitali zenye kawaida ya kulisumbua ini alizibadilisha mapema, lakini njano ikaendelea kukolea.

Mimi nilikuwa na mtuhumiwa wangu. Nilimjua mama mdogo. Mwanamke aliyenilea nusu ya utoto wangu kwa mizizi ya kuchemsha hawezi kumwona dada yake anaumwa akakaa mikono mitupu. Basi alipokwenda kuteka maji nikapekua kapu lake, na chini kabisa, ndani ya kitenge, nikakuta chupa ya maji ya kahawia yenye mashapo. Nikaibeba mpaka kwa daktari kama askari aliyekamata bangi.

Daktari akaifungua, akainusa, akaniangalia. Mama mdogo alikuwa amekwisha fika mlangoni na ndoo kichwani.

"Onja basi, mpelelezi," akasema.

Ilikuwa ukwaju. Mama alikuwa anasikia kichefuchefu, akaomba kitu kichachu, na mama mdogo aliuficha kwa sababu nesi wa zamu alikataza vyakula vya nje.

"Na mimi ningekuwa nimempa mizizi," akaendelea, huku anashusha ndoo, "angekuwa amepona. Wewe mwaka mzima hujaleta hata chumvi, umefika juzi unanipekua!"

Jirani wa kitanda cha pili akacheka mpaka akashika mshono wake. Mimi nilitamani basi la Masasi.

Asubuhi iliyofuata daktari alinichukua mimi peke yangu, tukasimama dirishani kwenye korido. Nakumbuka kila neno kwa sababu ndipo nilipoelewa tulichokuwa tunakichezea.

"Picha ya tumbo inaonyesha maji kidogo karibu na mshono," akasema. "Inawezekana ni mabaki tu ya upasuaji. Inawezekana ni usaha. Kama ni usaha, ndio unaotia sumu kwenye damu na kuliumiza ini, na inabidi tumfungue tena tuusafishe. Nikichelewa, atakufa."

"Basi mfungueni."

"Ngoja. Ana vipele kifuani. Na kwenye damu yake kuna chembe ambazo mara nyingi hupanda mwili ukiikataa dawa fulani. Haifanani sana na usaha. Kuna dawa ya usingizi ya kuvuta, tunayoitumia hapa, ambayo kwa watu wachache sana hulipiga ini hivihivi. Lakini karibu kila mara ni kwa mtu aliyewahi kuivuta, hasa kama ni majuzi tu. Mwili unakuwa umeshaitambua na kuichukia. Mara ya pili unashambulia, na unaloliumiza ni ini lake mwenyewe."

"Mama hajawahi."

"Ndivyo mlivyoniambia. Kwa hiyo nabaki na usaha. Tumeandika kesho saa tatu asubuhi."

"Na kama siyo usaha?"

"Kama siyo usaha, na nikamlaza kwa dawa ileile, sidhani kama ataamka."

Nilirudi wodini nikiwa na maneno hayo mawili, nikayapunguza makali kadiri nilivyoweza. Nikamwambia mama kwamba kesho huenda wakamrudisha chumba cha upasuaji, wamsafishe kidogo, asiogope. Aliacha kujikuna. Akatazama dari.

"Haya," akasema. "Hii itakuwa ya tatu. Labda ndiyo ya kunipumzisha."

Mimi nikaendelea kukunja kanga. Nilikunja ya kwanza, nikakunja ya pili, ndipo neno likanifika.

"Ya tatu vipi, mama? Ni ya pili."

Akafumba macho. Mtu mwenye homa akifumba macho huwezi kujua amelala au amekukimbia. Lakini yule nilimjua. Alikuwa amenikimbia.

Mama mdogo nilimkuta nyuma, kwenye kibanda ambako ndugu wa wagonjwa hupikia, anakoroga uji. Sikumsalimia.

"Mama amepasuliwa mara ngapi?"

"Mara moja. Si unajua?"

"Amesema hii ya kesho ni ya tatu."

"Homa inamtia maneno."

"Mama mdogo, daktari kasema kesho wakimpa dawa ya usingizi ileile na alishawahi kuipata, hataamka. Nakuuliza tena. Mara ngapi?"

Mwiko ukasimama. Uji ukaanza kutoa mapovu, ukamwagika kwenye mafiga, na yeye anautazama tu. Kwa mwanamke ambaye hajawahi kuunguza uji maishani, hilo lilinitosha.

"Hakupasuliwa," akasema taratibu. "Alisafishwa."

"Alisafishwa nini?"

"Kizazi. Punguza sauti."

Nikapunguza sauti. Akanieleza huku ametazama moto. Wiki tano zilizopita mama alianza kutokwa na damu, yeye, mjane wa miaka sitini na kitu, aliyeacha kuziona siku zake zamani. Akaogopa. Akaenda hospitali moja upande wa Ruangwa, wakamlaza usingizi, wakamsafisha, wakachukua kinyama cha kupima, kikaonekana hakina ubaya. Akarudi nyumbani.

"Sasa hilo la kuficha ni lipi? Ugonjwa ni ugonjwa!"

"Wewe unaishi porini na wachimbaji, hujui watu. Mjane akisikika kasafishwa kizazi, hawatauliza alikuwa anaumwa nini. Watauliza mimba ilikuwa ya nani."

Nikashindwa kujua nicheke au nilie. "Daktari siyo watu wa kijijini! Daktari amekuuliza mara tatu!"

Hapo akarudi kuukoroga uji uliokwisha mwagika, na nikajua bado hatujafika chini ya kisima.

"Kuna nini kingine?"

"Kadi."

Kadi ya bima ya mama ilikuwa imekwisha muda wake. Ya mama mdogo ilikuwa hai. Wanafanana, picha kwenye kadi ni ndogo, na aliyezaliwa mbele na aliyefuata kwetu wote ni mama. Mjomba ndiye aliyetoa wazo. Kwa hiyo katika vitabu vya hospitali ile mama yangu hakuwahi kufika. Aliyefika, akalazwa, akasafishwa na kuondoka alikuwa mama mdogo. Na mjomba akawaapisha wote wawili kwamba neno hilo lisitoke, kwa sababu likitoka mama mdogo atafungwa.

Nikampigia mjomba palepale. Shikamoo nilimpa, lakini ilitoka kama jiwe.

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Mama mwenyewe, kwa homa. Mjomba, lazima nimwambie daktari."

"Hulijui unalolisema. Kadi ile ni mali ya serikali. Unataka mdogo wa mama yako akalale ndani? Wewe utakuwa umeshaondoka, sisi ndio tutabaki kumpelekea chakula."

"Kesho saa tatu wanamwingiza mama kwa dawa ileile. Mjomba, huyo mmoja labda atafungwa. Mwingine atazikwa. Chagua."

Nilisikia jogoo wa Chinongwe anawika kwenye simu. Mtu ambaye maisha yangu yote alikuwa na neno kwa kila jambo, mahari, mashamba, majina ya watoto, hakuwa na neno.

"Mpe simu mama yako mdogo," akasema mwishowe.

Mama mdogo aliipokea, akasikiliza kidogo, akanirudishia. "Kasema niamue mwenyewe." Akacheka bila furaha. "Siku ya kula ubwabwa haniambii niamue mwenyewe."

Kisha akafunga kanga yake kiunoni, akaipua sufuria, akatangulia yeye kwenda kwa daktari.

Daktari alimsikiliza bila kuandika. Mama mdogo alipofika kwenye kadi alianza kuomba radhi, na daktari akamkatiza.

"Mama, mimi natibu ini. Sitibu kadi. Wiki tano, una uhakika? Alilazwa kwa dawa gani? Ya sindano au ya kuvuta?"

"Nilikaa nje. Sijui."

Hilo ndilo lililobaki, na lilikuwa kila kitu. Dawa za usingizi ni nyingi, akatueleza. Kama kule walimpa sindano tu, basi bado anabaki na usaha, na kesho wanamfungua. Kama walimpa ile ya kuvuta, hamgusi. Akapiga simu kwenye hospitali ile mbele yetu. Aliyepokea alikuwa mtu wa masijala, akasema mkubwa wake yuko kikaoni na faili za wagonjwa hazisomwi kwenye simu, mwenye faili aje na kadi. Daktari akasema yeye ni daktari. Yule akasema na yeye anaweza kusema ni daktari. Daktari akaiweka simu mezani polepole sana.

"Mwenye faili," akasema, akimtazama mama mdogo.

Tulipanda pikipiki moja, mshikaki, mimi nyuma na mama mdogo katikati amelikumbatia kapu. Barabara ilikuwa vumbi jekundu na mikorosho pande zote mbili, na kwa miaka yote niliyokuwa mbali nimeiwaza barabara ile kama kitu kitamu. Siku ile niliichukia kila kona. Mama mdogo aliongea mara moja tu njia nzima.

"Nikifungwa, ufuta wangu usiuze kabla mnada haujapanda."

"Hufungwi, mama mdogo."

"Wewe ni hakimu?"

Masijala ilikuwa dirisha dogo lenye vyuma, na mbele yake watu kama ishirini kwenye benchi na ukutani. Tuliposogea niliona mama mdogo amejikunja ghafla. Kwenye benchi alikaa mama mmoja wa Nambambo, anayeuza naye samaki wa kukaanga sokoni, mtu ambaye habari ikimwingia asubuhi, mchana imeshafika Masasi kwa miguu yake yenyewe.

"Aaa, shoga! Na wewe huku? Unaumwa nini?"

"Kichwa," mama mdogo akajibu.

Zamu yetu ikafika. Kijana wa dirishani hakuinua uso.

"Faili la nani?"

"Langu." Akapenyeza kadi.

"Ulitibiwa nini na lini? Mafaili ni mengi hapa."

"Mwezi uliopita. Nilikuja wodi ya akina mama."

"Kwa tatizo gani?"

Mama mdogo akasogeza mdomo kwenye vyuma, akanong'ona.

"Sema kwa nguvu, mama, feni inapiga kelele."

Nilimshika mkono. Nilitaka kusema mimi. Lakini mimi sikuwa na kadi, wala jina, wala uso ule wa kwenye picha ndogo. Alikuwa nao yeye peke yake. Akanyoosha mgongo, akasimama kama anavyosimama akipepeta, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mwembe wa nje.

"Nilisafishwa kizazi!"

Benchi zima likageuka. Mama wa samaki alibaki ameacha mdomo wazi, na niliona kabisa habari ikiingia ndani yake, ikikaa vizuri na kukunja nne. Kijana wa dirishani, kwa aibu yake ya ghafla, alilipata faili kwa dakika mbili.

Muuguzi mmoja akatufungulia faili kwenye chumba cha pembeni. Nilimwonyesha jina la dawa ambalo daktari aliniandikia kwenye kipande cha karatasi. Akapitisha kidole, ukurasa mmoja, ukurasa wa pili.

"Hii hapa. Walianza na sindano, wakaendelea na hii ya kuvuta." Kisha akasoma chini kidogo. "Na ulirudi baada ya wiki moja, eh? Homa, macho yana unjano kidogo. Ukapewa dawa ya malaria. Mbona hukurudi tena kupimwa?"

Alikuwa anamuuliza mama mdogo. Mama mdogo akanitazama mimi.

"Tulijua ni malaria," akasema.

Kwa hiyo ini lilikuwa limepiga kelele tangu mara ya kwanza. Mama alirudi, akapewa dawa, akanyamaza, na wote wakanyamaza naye. Nilipiga picha ukurasa ule kwa simu, nikarudia mara tatu mpaka ikasomeka, nikamtumia daktari. Jibu lilikuja tukiwa bado tunatafuta pikipiki.

"Msimkimbize dereva. Kesho hatumpeleki."

Mama mdogo alikaa chini kwenye mchanga, barabarani, na kapu lake.

Kesho yake, saa tatu ileile, daktari alimtia mama ganzi ya sindano ndogo pembeni ya mshono, akiwa macho, akachomeka sindano ndefu na kuvuta yale maji. Yalitoka na rangi ya chai nyepesi. Hayakuwa usaha. Nilimuuliza kama sasa ana uhakika. Nilitaka aape.

"Siwezi kukuapia," akasema. "Hakuna kipimo kinachotoka kikisema ni dawa hii. Tumeondoa kimoja kimoja, na kilichobaki kinafanana. Siku zinafanana, vipele vinafanana, na ukurasa wako wa Ruangwa unafanana. Tungeujua siku ya kwanza, mama yako asingevuta kabisa dawa ile."

Hakulisema kwa ukali. Ningependa angelisema kwa ukali.

Njano ilichukua wiki kupungua. Ilianza viganjani, macho yakawa ya mwisho. Katika muda huo habari ya mama wa samaki ilifanya kazi yake Nambambo. Watu walikuja kumwona mama lakini walikuwa wanamtazama mama mdogo tumbo, na jirani mmoja alimletea asali, "ya kurudisha nguvu, shoga," huku macho yanacheka. Mama mdogo akaipokea na kushukuru. Mimi nilitaka kumvunjia ile chupa kichwani.

"Sema ukweli basi," nikamwambia. "Sema haikuwa wewe."

"Nitasemaje haikuwa mimi bila kusema alikuwa nani? Yeye ni mgonjwa. Mimi ni mzima, nitaubeba."

Kuhusu kadi, daktari alisisitiza jambo moja tu, kwamba kumbukumbu zile zirekebishwe. Siku mama mdogo mwenyewe atakapoumwa, wataona kwenye faili lake ini lisilo lake. Basi tukarudi Ruangwa mara ya pili, safari hii na mjomba, ambaye alivaa kanzu na koti na kuongea maneno mengi ambayo hakuna aliyeyahitaji. Walitukaripia vizuri, wakamwandikisha mama mdogo maelezo, kadi ikashikiliwa kwa muda. Hakufungwa mtu. Mjomba alitoka pale akisema alijua tangu mwanzo kwamba litaisha hivyo.

Nilipanga kuondoka wiki ile. Sikuondoka, na siyo kwa wema. Daktari aliniagiza ninunue daftari, niandike kila ugonjwa, kila dawa na kila sindano ambayo mama aliwahi kupata, kwa sababu alisema safari nyingine huenda asimpate mtu wa kuweweseka kwa homa akasema ukweli. Jina la ile dawa aliliandika yeye mwenyewe ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa nyekundu, na chini yake: asipewe kamwe.

Tulianza Likunja, mchana, kwenye mkeka. Mama alikuwa amekonda lakini macho yameanza kuwa meupe. Mwanzoni alijibu kama mdogo wake. Hapana, hakuna, sikumbuki.

"Mama, tumetoka huko juzi tu!"

"Wewe una hasira kama baba yako."

"Niandike nini hapa?"

Akavuta pumzi, akaanza. Surua utotoni. Jipu la paja. Malaria isiyohesabika. Kisha, bila kubadilisha sauti, akataja mtoto aliyetoka na miezi sita, na mwingine mwaka uliofuata ambaye alikaa siku mbili, wote kati yangu na mdogo wangu wa kiume. Nilipiga hesabu ya miaka. Ni miaka ileile ninayoiota nikiwa mbali, ya kuchemsha ming'oko, viazi vyetu vya porini, na sisi kulala nje kwenye mikeka, miaka ninayowasimulia wachimbaji nikisema kwetu kulikuwa na raha.

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unacheza."

Sikujua niandike nini, nikauliza swali la daktari, kwa sababu ndilo nililokuwa nalo.

"Huyo wa kwanza, wa miezi sita. Walikusafisha? Walikupa nusu kaputi?"

Mama alitazama viganja vyake.

"Walinisafisha," akasema. "Nusu kaputi hakukuwa nayo siku hiyo. Waliniambia nishike kitanda."

Nikaandika: hakupewa.